Miaka 31 iliyoachwa nje ya ukuta: barua ya wazi kwa wasimamizi wa ukumbi wa historia ya wanamaji

Likoni, Mombasa

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi na Bodi ya Wasimamizi,

MINT: MAKOSA NA MAPENGO KATIKA MAONYESHO YA HISTORIA YA WANAMAJI

Pokeeni salamu zangu za heshima.

Nawaandikia hadharani kwa sababu njia ya faragha imenishinda. Barua ya kwanza niliileta mwenyewe mwezi Februari mwaka jana, ikapigwa muhuri wa kupokelewa, na nakala ninayo. Ya pili niliipeleka Juni. Baada ya wiki mbili nikapigiwa simu na kijana mmoja mwenye adabu sana, akaniambia, "Mzee wangu, suala lako liko mezani." Ya tatu, ya Novemba, haikujibiwa. Nilipofika ofisini Januari kuulizia, niliambiwa faili haionekani, nianze upya. Sianzi upya. Jina la ofisi yenu silitaji, maana nia yangu ni kurekebisha na sitaki kumwaibisha mtu. Nyinyi mnajijua.

Marehemu baba yangu alikuwa baharia wa Royal East African Navy. Alijiunga mwaka 1953 na kubaki mpaka jeshi hilo lilipovunjwa mwaka 1962. Kazi yake ilikuwa ishara: bendera, taa, na mikono. Nilipokuwa mtoto alikuwa akinisimamisha mchangani, Shelly Beach, na vitambaa viwili vya mkono, kimoja kila upande, ananifundisha kuliandika jina langu hewani herufi baada ya herufi. Nikikosea pembe ya mkono hata kidogo, ananirudisha mwanzo. Aliniambia kwamba baharini herufi moja ikikosewa, meli nzima inaweza kwenda upande usio wake. Basi mniwie radhi nikionekana mkali kwa vitu ambavyo wengine watasema ni vibao tu. Nimelelewa hivyo.

Mwaka jana niliwaleta wajukuu wangu ukumbini kwenu wamwone babu mkuu wao. Hawakumwona. Hawakuuona mwaka hata mmoja katika miaka yake tisa ya utumishi. Haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Mstari wa miaka ukutani unaanza 1964.

Ubao wenu wa kwanza wasema wanamaji wa nchi hii "walianza" Desemba 1964, mwaka mmoja baada ya uhuru. Jeshi la Wanamaji la Kenya ndilo lililoundwa wakati huo, na hilo silipingi. Lakini ukuta wenu ni wa historia ya wanamaji, na Wakenya walikuwa wakipanda manowari miaka 31 kabla ya hapo.

Mwaka 1933 kiliundwa hapa Mombasa kikosi cha akiba cha kujitolea, Kenya Royal Naval Volunteer Reserve. Kikapitia Vita vya Pili vyote. Mwaka 1950 kikageuzwa kuwa jeshi la pamoja la majini la Afrika Mashariki, likigharamiwa na Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, makao yake yakiwa hapa hapa Mombasa. Mwaka 1952 likapewa jina la Royal East African Navy. Tanganyika ikapata uhuru Desemba 1961, ushirika ule wa kikoloni ukaanza kulegea, kila serikali ikaangalia mfuko wake, na mwaka 1962 jeshi likavunjwa. Baba alirudi nyumbani na begi moja la turubai.

Hatua hizo nne ni za lazima, na hamna hata moja. Matokeo yake mtoto wa shule anatoka kwenu akiamini kwamba mwaka 1964 wanamaji walizuka tu baharini kama visiwa. Hata meli ya kwanza mnayoionyesha, Nyati, haikuanza maisha yake kama Nyati. Ilikuwa boti ya Waingereza ya kulinda pwani, jina lake Aberford, tukakabidhiwa mwaka 1964 na kuibatiza. Simba, Chui na Ndovu zikafuata mwaka 1966, hizo ndizo zilizojengwa kwa ajili yetu. Picha za zote nne mnazo, na ni nzuri. Mnachokosa ni kile kilichotangulia.

2. Koti lililo kabatini limepewa mwenyewe siye.

Katika kabati la kioo, kushoto ukiingia, kuna koti la afisa. Karatasi yake imeandikwa "Sare ya afisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza". Nilisimama mbele ya koti lile muda mrefu kiasi kwamba mlinzi alikuja kuniuliza kama sijambo.

Nawaombeni mshuke ofisini, mkaitazame mikono yake. Mistari ya dhahabu haijanyooka. Inapanda na kushuka kama maji ya mlangoni upepo ukiwa mwanana. Katika mpangilio wa wakati ule, mstari ulikuwa ukisema mtu ni wa wapi. Afisa wa kudumu, ambaye bahari ndiyo kazi yake ya serikali, alivaa mistari iliyonyooka. Afisa wa Royal Naval Reserve, akiba iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1859, alikuwa mtu wa meli za biashara aliyeitwa vita vikija. Huyo mistari yake ilikuwa miembamba, imesukana kama kamba. Na mistari ya mawimbi ilikuwa ya Royal Naval Volunteer Reserve, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1903: raia wa kawaida, karani, wakili, mfanyabiashara, aliyejitolea na kufunzwa nje ya saa zake za kazi.

Kwa hiyo koti mlilo nalo si la afisa wa kudumu. Ni koti la akiba ya kujitolea, na huenda ni la kikosi chetu cha 1933, kile kile ambacho ukuta wenu unasema hakikuwapo. Ushahidi umening'inia mita nne kutoka kwenye kosa. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote, kwa sababu hamhitaji kwenda popote kuutafuta.

3. Rosalind haikuwa meli ya uvuvi, wala haikuwa meli ya akiba.

Chini ya picha ya Rosalind mmeandika maneno sita: "Rosalind, meli ya uvuvi ya akiba". Maneno sita, makosa mawili.

Kosa la kwanza naelewa lilipotokea. Vitabu vya Kiingereza vinaiita trola, na trola kwa kawaida huvuta nyavu. Lakini wakati wa vita Waingereza walijenga trola za kivita kwa sababu umbo lile linavumilia bahari chafu na nyuma yake pana nafasi ya kufanyia kazi. Rosalind ilishushwa majini mwaka 1941, ikiwa moja ya kundi lililopewa majina ya wahusika wa Shakespeare. Nyingine ziliitwa Hamlet, Othello, Macbeth. Kazi ya meli hizo ilikuwa kusaka nyambizi na kufagia mabomu yaliyotegwa baharini. Samaki hawakuhusika. Baada ya vita Rosalind ikaletwa huku, na baba alisimama kwenye sitaha yake na bendera zake.

Kosa la pili ni neno "akiba", na hapa nitakaa kidogo, maana naona limewachanganya ukumbini kote. Neno hilo lina maana mbili katika mambo ya wanamaji. Iko akiba ya watu, ndiyo hiyo niliyoieleza: raia au mabaharia wa biashara wanaoandikishwa, wanafunzwa, wanarudi makazini kwao, wakingoja kuitwa. Na iko akiba ya meli. Vita vikiisha, nchi yenye meli nyingi haiwezi kuzilisha zote, wala haitaki kuzivunja. Huzifunga gatini au kuzitia nanga mahali palipotulia. Mashine hupakwa mafuta mazito, matundu huzibwa, hewa ya ndani hukaushwa ili chuma kisile kutu, na mabaharia wachache huachwa kuzilinda mpaka zitakapoamshwa. Marekani mwaka 1950 ilikuwa na meli 2,277 katika akiba yake ya taifa, na vita vya Korea vilipozuka mwaka ule ule mamia yake yalirudishwa kazini.

Kikosi cha 1933 kilikuwa akiba ya watu. Rosalind ilikuwa meli iliyo kazini, injini inawaka, bendera juu. Mkiiita "meli ya akiba" mnamfanya baba yangu mlinzi wa chuma kilichofungwa kamba. Alikuwa baharia.

4. Kilindini ya mwaka 1942 imeandikwa kana kwamba haina wenyeji.

Mna ubao mzima juu ya Eastern Fleet, kundi la manowari la Waingereza, na picha kubwa ya Admirali James Somerville. Maelezo ni sahihi: Aprili 1942 ndege za Wajapani zilipiga Colombo na Trincomalee, bandari za Ceylon (Sri Lanka ya leo), na meli nzito za Waingereza zikarudishwa nyuma mpaka Kilindini. Halafu ubao unaisha. Hausemi chochote juu ya mji uliozipokea.

Shule ya Allidina Visram, ambayo kila mtu wa Mombasa anaijua, ilichukuliwa na wafumbuzi wa maandishi ya siri ya Wajapani, na humo humo madarasani walifanikiwa kuzifungua siri za meli za biashara za adui. Nyambizi za Wajapani zilifika Diego Suarez, kaskazini mwa Madagaska, mwezi Mei mwaka ule na kuipiga manowari Ramillies, kisha zikazamisha meli nyingi za biashara katika mlango wa bahari wa Msumbiji. Vita havikuwa mbali na Likoni. Ndiyo maana lango la bandari lilihitaji watu wa kulinda na kufagia, na ndiyo maana akiba ilikuwa na kazi.

Na mmeiacha meli ya Khedive Ismail. Meli hii iliondoka Kilindini Februari 1944 kwenda Colombo ikiwa imebeba watu zaidi ya 1,500, wakiwemo wapiga mizinga wa kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki pamoja na wauguzi. Tarehe 12 Februari, karibu na Maldivi, nyambizi ya Wajapani I-27 iliipiga, ikazama kabla watu hawajafika kwenye mashua. Walikufa 1,297. Askari wengi waliokuwa ndani walitoka vijiji vya Afrika Mashariki, na sehemu ya mwisho ya nchi kavu waliyoiona ni gati ambalo wageni wenu wanaliona wakitoka ukumbini. Sijui ni hoja gani inayoweza kutetea kuwaacha.

5. Maafisa wana majina, mabaharia hawana.

Kwenye picha ya kundi, walioketi mbele wameandikwa vyeo na majina kamili. Waliosimama nyuma wameandikwa "mabaharia wenyeji". Wa tatu kutoka kulia, aliyeshika kofia mkononi, ni baba yangu. Nakala ya picha hiyo hiyo ninayo nyumbani, na nyuma yake ameandika kwa kalamu ya wino majina ya wote waliosimama, kumi na moja, pamoja na mahali walikotoka: Lamu, Kisumu, Tanga, Unguja, Machakos. Nakala hiyo niliiambatanisha na barua ya kwanza. Iko kwenye faili isiyoonekana.

Sasa naomba niyajibu mapema yale ninayojua yatasemwa, maana mengine nimeshaambiwa mlangoni.

Mtasema bajeti hakuna. Sijaomba jengo. Kibao cha Rosalind ni karatasi moja, na cha koti ni karatasi moja.

Mtasema nyaraka hazipo. Picha, kitabu cha utumishi cha baba na kofia yake vipo, na nilijitolea kuvileta. Koti mnalo tayari. Kumbukumbu za serikali ziko Nairobi, za wakoloni ziko London, na zinafunguliwa kwa yeyote anayeomba kwa utaratibu.

Mtasema mambo ya jeshi ni siri. Siri gani ya mwaka 1933? Jeshi lililovunjwa mwaka 1962 halina siri ya kulinda, na serikali iliyoliunda haipo.

Lililo zito ni la mwisho, na nalichukua kwa uzito wake. Afisa wenu mmoja aliniambia kwamba wale walikuwa wakiutumikia ukoloni, na ukumbi wa taifa huru hauwezi kuwatukuza. Nalielewa. Baba mwenyewe alikuwa na machungu yake. Maafisa wote wa juu walikuwa Wazungu na hakutarajia kamwe kuwa mmoja wao. Lakini sijaomba watukuzwe. Nimeomba watajwe. Askari wa nchi kavu na wapagazi wa Vita vya Kwanza walitumikia ukoloni huo huo, wengi wao kwa kulazimishwa, na sanamu zao za shaba zimesimama Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam mpaka leo. Jina la Kariakoo bado liko midomoni mwa watu kwa sababu yao. Baharia amekosa nini ambacho mpagazi hakukosa? Kama mnaona utumishi ule una mgogoro ndani yake, uandikeni mgogoro huo ubaoni, kwa haki, watu wausome. Pengo halielezi ukoloni wala uhuru.

Kwa hiyo naomba mambo haya, na naomba yajibiwe kwa maandishi:

a) Vibao vya koti na vya Rosalind viondolewe mara moja na kuandikwa upya.

b) Mstari wa miaka uanzie 1933, na uonyeshe 1950, 1952 na 1962 kabla ya kufika 1964.

c) Ubao wa Kilindini uongezewe Allidina Visram na Khedive Ismail, kwa idadi ya waliokufa.

d) Majina kumi na moja yawekwe chini ya picha. Familia za wengine zitafutwe, si hapa tu. Tangazeni Tanzania Bara, Zanzibar na Uganda pia, kwa kuwa jeshi lile lilikuwa la wote wanne, na wazee wenye kumbukumbu hizo wanapungua kila mwaka.

e) Faili yangu itafutwe, na kama imepotea niambiwe imepotea.

Nawapa siku 60 tangu leo. Zikipita kimya, nitaomba miadi na Wizara inayohusika na turathi, nikiwa na nakala za barua zote tatu na mihuri yake. Ningependelea tusifike huko. Ningependelea mnipigie simu, nije na picha, tukae na mtu wenu anayeandika vibao, nimsomee majina mmoja mmoja, ayaandike bila kukosea herufi.

Kitabu cha baba kimeanza kuliwa na unyevu pembeni. Nimekifunga kwa plastiki na kukiweka juu ya kabati, mbali na ukuta wa bahari.

Wenu kwa heshima,

Mtoto wa baharia wa Royal East African Navy
Likoni